Usiruke kabla hujapima: Hatari iliyojificha chini ya maporomoko ya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WAHENGA walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo inafaa kukumbukwa na kila kijana anayepanda kutoka mjini Moshi mwishoni mwa wiki kwenda kwenye maporomoko ya maji ya miteremko ya Mlima Kilimanjaro, akiwa na taulo begani na shauku ya kujirusha kutoka juu ya jabali hadi kwenye bwawa lililo chini yake.

Safari za namna hiyo si jambo geni. Materuni, katika eneo la Uru kaskazini mwa mji, pamoja na Kinukamori na Ndoro huko Marangu, ni miongoni mwa sehemu zinazopokea wanafunzi, familia na watalii kutoka nje ya nchi. Wengi wao huenda kutazama na kupiga picha, na wengine huogelea. Wapo pia wachache ambao, wakishaliona jabali na kuliona bwawa, hujiuliza swali moja tu: Je, hapa panafaa kuruka?

Swali hilo ni jema, lakini mara nyingi huulizwa mahali pasipofaa. Huulizwa juu ya jabali, wakati miguu imekwisha kulowa na wenzake wapo chini wameshika simu tayari kumpiga picha. Hapo jibu huwa limekwisha kutolewa na aibu ya kurudi nyuma.

Ukweli ni kwamba jibu la swali hilo haliko juu. Liko chini, ndani ya maji yenyewe, na hupatikana kabla ya kupanda. Tena swali la kina cha maji si la kwanza, bali ni la tatu. La kwanza ni iwapo una ruhusa ya kuwapo pale, na la pili ni iwapo utaweza kutoka.

Tuanze na ruhusa. Maporomoko ya ukanda huu hayako katika pori lisilo na mwenyewe. Njia nyingi za kuyafikia hupita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ambayo familia za Wachaga zimerithishana kwa vizazi. Mito yenyewe hulisha mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, na watu walio chini hutumia maji hayo hayo.

Kwa sababu hiyo, mgeni hupaswa kupitia kwa wenyeji, kulipa kiingilio pale kilipowekwa na kuongozana na mtu anayeifahamu njia. Aidha, anayepanda zaidi anapaswa kujua kwamba mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1973. Kuingia humo bila kibali ni kosa, hata kama unachokitafuta ni bwawa la kuogelea tu.

Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa ni njia ya kuwatoza fedha. Hata hivyo, ruhusa ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Mtu aliyepita ofisini kijiji kinajua kwamba yupo, na asiporejea kabla ya jua kuzama atatafutwa. Aliyepenya kichochoroni hana wa kumwuliza alikokwenda.

Hali kadhalika, mwenyeji ndiye anayeweza kujibu maswali ambayo jicho la mgeni haliwezi kuyajibu. Mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini? Kuna mtu aliyewahi kuumia hapa? Kuna gogo lililoletwa na maji? Je, wenyeji wenyewe huruka hapa? Kama wao, waliozaliwa kando ya mto huo, hawaruki, mgeni aliyefika asubuhi hana sababu ya kujiona anajua zaidi.

Wakazi wa Marangu wana simulizi ya kale inayohusu maporomoko ya Kinukamori. Husimuliwa kwamba binti aitwaye Makinuka alipata ujauzito kabla ya kuolewa, na kwa kuogopa adhabu ya jamii akaenda kwenye ukingo wa maporomoko ili ajitose. Alipofika alibadili mawazo, lakini alipogeuka kurudi akakutana na chui, na kwa hofu akaanguka. Simulizi hiyo ina mafunzo mengi kwa wanaoisikiliza. Moja, pengine lisilotajwa sana, ni kwamba ukingo wenye maji humwangusha hata yule aliyeamua kutoruka.

Hilo linatupeleka kwenye swali la pili, nalo ni la kutoka. Kabla ya kufikiria kuingia majini kwa kuruka, mtu anapaswa kutafuta kwa macho mahali atakapotokea. Mabwawa mengi ya chini ya maporomoko yamezungukwa na miamba iliyosimama wima, laini na yenye utelezi. Mtu anaweza kuingia kwa sekunde moja na kushindwa kutoka kwa nusu saa.

Mahali pa kutokea panapaswa kuwa karibu na upande ambao mkondo unaelekea, pasiwe mbele ya poromoko jingine lililo chini yake, na pafikike na mtu aliyechoka au aliyeumia mkono mmoja. Kama njia pekee ya kutoka inahitaji nguvu za mikono yote miwili, basi hiyo si njia ya kutegemewa.

Kutoka hakuishii kwenye ukingo wa maji. Materuni, kwa mfano, ni mwendo wa kilomita zipatazo 15 kutoka Moshi, na kutoka kijijini hadi kwenye maporomoko kuna njia ya miguu inayoweza kuchukua karibu saa nzima. Majeruhi atabebwa katika njia hiyo hiyo, kwa machela kama ipo, kabla ya kufika barabarani na kuteremshwa hadi Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi au Hospitali ya Rufaa ya KCMC. Wakati wa masika barabara za udongo za milimani huteleza, na katika makorongo simu huweza kukosa mtandao. Ni vyema msafara ukajua mapema ni wapi simu inashika, na namba za dharura ni zipi: 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baada ya hayo ndipo lije swali la maji yenyewe.

Wengi hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro hutokana na barafu ya kileleni. Kwa kweli sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu, hasa upande wa kusini ambako kiwango chake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Maana yake ni kwamba bwawa unaloliona likiwa tulivu chini ya jua kali linaweza kuwa linategemea wingu ambalo wewe hulioni, lililo juu ya msitu kilomita kadhaa kutoka hapo.

Mvua hiyo ikishuka, mto huweza kujaa kwa muda mfupi sana. Dalili zake zinajulikana: maji yaliyokuwa maangavu huanza kubadilika rangi na kuwa ya udongo, majani na vijiti huongezeka, mngurumo wa maporomoko huwa mzito zaidi, na jiwe lililokuwa kavu ukingoni huanza kulowa. Anayeona hata moja ya dalili hizo anapaswa kutoka mtoni na kupanda juu mara moja, bila kusubiri kukusanya nguo.

Masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, ndivyo vipindi vya hatari zaidi. Hata hivyo, hatari ya masika haiishi masika yanapokwisha. Mto uliofurika husogeza mawe makubwa, huleta magogo na hujaza changarawe mahali palipokuwa na shimo. Bwawa lililokuwa na kina cha kutosha mwezi Februari linaweza kuwa na jiwe katikati yake mwezi Juni, huku uso wa maji ukiwa vile vile.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kauli inayosikika sana, kwamba watu wamekuwa wakiruka hapa miaka yote. Kauli hiyo inaweza kuwa kweli kabisa, lakini inaeleza habari za bwawa la mwaka jana. Maji ya leo hayajaelezwa na mtu yeyote mpaka apatikane wa kuyaingia leo.

Jicho nalo ni shahidi asiyeaminika. Mwanga hupinda unapotoka majini kwenda hewani, hivyo maji maangavu yenye kina cha mita 4, yakitazamwa kutoka juu moja kwa moja, huonekana kana kwamba yana mita 3. Yakitazamwa kwa upande, udanganyifu huongezeka, na jiwe lililo chini huonekana mahali ambapo silo lilipo. Katika maji ya chemchemi kama yale ya Kikuletwa wilayani Hai, maarufu kwa jina la Chemka, angalau sakafu huonekana. Katika bwawa lenye povu au tope, jicho haliambulii chochote.

Povu lenyewe lina siri yake. Pale maporomoko yanapogonga bwawa, maji huchanganyika na hewa nyingi, na maji ya namna hiyo hayambebi mtu kama maji ya kawaida. Mwogeleaji hodari hujikuta akizama na mikono yake ikikosa cha kusukuma. Aidha, maji yanayoanguka hushuka hadi chini na kurudi juu kwa kuzunguka, na mzunguko huo huweza kumvuta mtu kuelekea kwenye poromoko badala ya kumtoa. Ndiyo maana eneo jeupe la bwawa halipaswi kuwa mahali pa kutua, wala pa kuogelea.

Kisha kuna baridi. Mtu aliyetembea katika jua la asubuhi mwili wake huwa na joto. Akitumbukia ghafla katika maji ya mlimani yenye nyuzi joto chini ya 15, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake. Pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, kinachoingia mapafuni ni maji. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja au zaidi kidogo, kwa hiyo anayeingia taratibu kutoka ukingoni huupitia akiwa amesimama. Anayeruka huupitia akiwa chini.

Tukija kwenye urefu wa jabali, hesabu zake ni rahisi na hazibadiliki kwa ushujaa wa mtu. Anayeanguka kutoka mita 3 hufika majini kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni kilomita 36. Kutoka mita 10 ni takribani kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari katika maeneo ya makazi nchini. Kutoka mita 20 ni kilomita 71. Kwa mwendo huo, anayetua kwa tumbo, mgongo au ubavu huumia hata kama maji ni marefu kiasi gani.

Katika mashindano ya kimataifa, bwawa lililo chini ya jukwaa la mita 10 hutakiwa kuwa na kina cha mita zipatazo 5, lenye sakafu tambarare isiyo na jiwe hata moja. Mashindano ya kuruka kutoka juu sana, yaliyoingizwa katika michuano ya dunia ya mchezo wa kuogelea mjini Barcelona mwaka 2013, hutumia mita 27 kwa wanaume na mita 20 kwa wanawake. Mabingwa hao hutua kwa miguu, na waokoaji huwa wamekwisha kuingia majini wakiwasubiri.

Yafaa kulinganisha na hali ya huku. Maporomoko ya Materuni hutajwa kuwa na urefu unaozidi mita 70. Hapo hakuna mjadala wa kuruka kutoka juu, kwani hicho ni kifo. Kinachozungumzwa ni majabali madogo ya kando ya mabwawa, ya mita 2, 4 au 6, ambayo kwa kuwa yanaonekana madogo ndiyo yanayowashawishi watu.

Kuyapima si kazi ngumu. Anayejua kuogelea vizuri huingia bwawani taratibu kutoka upande wa kina kifupi, akiwa amevaa jaketi la kuokolea au amefungwa kamba inayoshikwa na mtu aliye nchi kavu. Kwa kutumia mti mrefu, au kamba iliyofungwa jiwe mfano wa timazi ya fundi mwashi, hupima kina mahali pa kutua na mita kadhaa kila upande, kwa kuwa hakuna anayetua pale pale alipokusudia. Kisha hupapasa kwa miguu kutafuta magogo na mawe.

Akitoka majini hupanda na kulikagua jabali. Je, mahali pa kusimama ni pakavu? Je, kuna mwamba uliochomoza chini ambao miguu inaweza kuugonga? Jabali linalomlazimu mtu akimbie ili aupite mwamba wa chini si jabali la kuruka, kwa sababu mguu mmoja ukiteleza hafiki majini.

Kama majibu yote ni mazuri, kanuni zinazobaki ni chache. Anza na mahali pa chini kabisa. Tangulia kwa miguu, mwili ukiwa umenyooka na mikono imebanwa ubavuni. Aruke mtu mmoja kwa wakati, na wa pili asubiri hadi wa kwanza atoke. Awepo mtu chini mwenye kamba. Mbege, ambayo wageni wengi wa Uru na Marangu hukaribishwa, inywewe baada ya kuogelea wala si kabla. Asiyejua kuogelea asiruke kabisa, hata kama bwawa linaonekana dogo.

Zaidi ya yote, mtu asitangulize kichwa katika maji asiyoyajua. Kichwa kikigonga sakafu, uzito wa mwili unaoendelea kushuka huishia shingoni. Mifupa ya shingo huvunjika na uti wa mgongo hujeruhiwa, na matokeo yake huweza kuwa kupooza mikono na miguu kwa maisha yote. Ajali hiyo haihitaji jabali refu. Ukingo wa mita 1 na maji ya kiunoni vinatosha.

Ajali ikitokea, jambo la kwanza ni kutomrukia majeruhi, kwa sababu jiwe lililomwumiza yeye bado lipo. Arushiwe kamba, boya au hata dumu tupu lililofungwa kifuniko. Akionekana hawezi kusogeza miguu au analalamika shingo, asivutwe kwa mikono wala kukunjwa. Aachwe aelee chali, kichwa chake kikishikwa kiwe katika mstari mmoja na mwili, hadi wapatikane watu wa kutosha kumtoa akiwa amelala juu ya ubao. Akiwa hapumui, kumpa pumzi kunatangulia mambo mengine yote: atolewe haraka, apewe pumzi ya mdomo kwa mdomo na kukandamizwa kifua na mtu aliyefundishwa.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vikubwa zaidi. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Maji Duniani.

Huenda msomaji akauliza, mbona wapo wanaoruka kila siku na hawaumii? Mfano wa karibu ni vijana wa Forodhani, Unguja, maarufu kwa jina la makachu, wanaojirusha baharini kutoka ukutani mbele ya watazamaji. Lakini vijana hao wamekulia kando ya maji hayo na wanazijua saa zake. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Zanzibar hukaribia mita 4. Ukuta ni ule ule, ila bahari iliyo chini yake si ile ile, na anayeruka hapo huiangalia bahari kwanza.

Huko Acapulco nchini Mexico nako, warukaji wa mwamba wa La Quebrada, ambao wamefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930, husubiri wimbi liingie katika mlango mwembamba wa bahari ndipo wajiachie. Mtazamaji huona ujasiri wa sekunde tatu. Haoni miaka waliyoitumia kuyasoma maji.

Vijiji vyenye maporomoko navyo vina sehemu yao. Kibao kinachoonyesha mahali pasiporuhusiwa kuruka, kamba ndefu na boya vilivyotundikwa karibu na bwawa, pamoja na waongozaji waliofundishwa huduma ya kwanza, ni gharama ndogo ikilinganishwa na kiingilio kinachokusanywa. Mwongozaji naye hana budi kuwa na ujasiri wa kumwambia mgeni hapana, hata mgeni huyo akiahidi bahashishi. Kifo kimoja huwafukuza wageni wengi kuliko katazo moja.

Kwa kijana aliyekwisha kupanda juu ya jabali na moyo wake ukasita, ushauri ni kwamba ashuke kwa miguu kwa njia aliyopandia. Wenzake wanaweza kumcheka hadi wafike kijijini. Lakini atafika nao.